Kilindini na Majengo: Kazi za Bandari na Kodi za Vyumba vya Mombasa

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu aliyepata kuishi mjini amelionja, walakini ni wachache walioketi wakalipima. Jambo lenyewe ni hili: kazi zikiongezeka mahali, nyumba za mahali pale huwaje?

Watu husema, kazi ni neema. Nasi hatukatai. Lakini mwisho wa mwezi, mfanyakazi akaapo kuhesabu fedha zake, mara nyingi huona ya kuwa neema ile imepita tu katika kiganja chake, ikaenda kukaa kwa mtu mwingine. Mtu huyo ni nani, na neema ilimfikiaje? Ili tupate kujibu, tumechagua mji mmoja ambao habari zake ni wazi, nao ni Mombasa. Tutaanza na Mombasa ya kabla ya reli, tuje mpaka siku zetu, na safari yote tutakitazama kiunga kimoja kuliko vyote: Majengo.

Mombasa ni kisiwa kidogo, eneo lake ni maili za mraba tano na kitu. Hata mwisho wa karne ya kumi na tisa, mji ulikuwa upande wa mashariki tu, karibu na Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Huko ndiko zilikokuwako nyumba za mawe, misikiti, na bandari ya kale ambamo majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalitia nanga msimu wa kaskazi. Sehemu kubwa ya kisiwa iliyobaki ilikuwa mashamba na vichaka, minazi, miembe na mibuyu. Mtu mwenye shamba huko alihesabu minazi yake na miembe yake. Ardhi yenyewe hakuihesabu kuwa mali ya fedha, maana hapakuwa na watu wa kuijaza. Na kitu kisichotakwa na watu, hata kikiwa kizuri namna gani, hakina bei.

Mwaka 1896 kazi ya kutandika reli ilianza Mombasa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwa Nyanza. Kwa kazi ile waliletwa kutoka Bara Hindi wafanyakazi wapatao 32,000, si wote kwa wakati mmoja, bali kwa makundi. Wengi walirudi kwao mikataba yao ilipokwisha, wengine wakabaki. Pamoja nao walikuja wapagazi, mafundi, makarani, wachuuzi na wapishi kutoka pwani yote na kutoka bara. Meli kubwa za moshi zikawa zatia nanga Kilindini, upande wa magharibi, kwa kuwa maji ya huko ni mengi. Basi mji ulikuwa mashariki, na kazi zikawa magharibi. Na yale mashamba yaliyokuwa katikati, ambayo jana yalikuwa ya nazi tu, yakawa ndiyo njia ya kila mtu aendaye kazini.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu katika miaka ile mambo mawili ya sheria yalitokea, nayo ndiyo yaliyoamua nani atakula matunda ya kazi za bandari.

La kwanza, mwaka 1907 hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Watu waliokuwa wakikaa katika mashamba ya mabwana wao walipata ruhusa ya kwenda watakako, na wengi walikwenda mjini, kwenye ujira wa kila siku. La pili, mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi za pwani. Kila aliyedai kuwa na ardhi alitakiwa aende mbele ya msajili, aeleze dai lake, alete mashahidi, apewe hati. Aliyekwenda na akakubaliwa alipata karatasi. Asiyekwenda, au asiyekuwa na ushahidi wa kutosha, alipoteza.

Mwenye hati aliweza kuuza kwa yeyote, na mnunuzi aliweza kununua bila hofu. Katika siku zile wako wenyeji wengi, Waswahili na Waarabu, waliouza mashamba yao kwa wafanya biashara waliokuwa na fedha taslimu, maana bei iliyotajwa ilikuwa kubwa kuliko mavuno ya nazi ya miaka mingi. Muuzaji alihesabu nazi. Mnunuzi alihesabu watu watakaokuja. Wote wawili walihesabu sawasawa, lakini mmoja alitazama nyuma na mmoja alitazama mbele.

Ndipo kikazaliwa kiunga cha Majengo. Jina lenyewe linajieleza: ni mahali palipojengwa. Na namna ya kukijenga ilikuwa ya ajabu, tena ni namna ambayo hata leo haijatoweka Mombasa. Mwenye ardhi hakujenga. Alikata shamba lake viwanja, akaviacha mikononi mwa watu waliotaka kujenga, nao wakamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Aliyejenga alikuwa mwenye nyumba, lakini hakuwa mwenye ardhi. Kwa sheria ya Kiingereza, kilichoshikamana na ardhi ni mali ya mwenye ardhi. Lakini desturi za pwani, zilizotokana na sheria ya Kiislamu, zilikubali kuwa mnazi uwe wa mtu mmoja na shamba likawa la mwingine, na kadhalika nyumba. Basi nyumba iliweza kuuzwa, kurithiwa, hata kuwekwa rehani, na hali udongo uliokuwa chini yake ni wa mtu mwingine kabisa.

Mpango huu ulikuwa na wema wake, nasi hatuna budi kuusema. Mtu ambaye asingeweza kamwe kununua kiwanja aliweza kujenga. Fundi, baharia aliyestaafu, mjane aliyerithi fedha kidogo, mwanamke aliyeweka akiba kwa kupika na kuuza vyakula, wote waliweza kuwa wenye nyumba. Wanawake hawakuwa wachache katika hesabu hiyo, maana nyumba ilikuwa ndiyo mali ambayo mwanamke aliweza kuishika mwenyewe, akaishi ndani yake, akala kwa jasho lake. Ubaya wake ni mmoja, lakini ni mzito: siku mwenye ardhi asemapo, "Nataka kiwanja changu," nyumba hugeuka kuwa mzigo wa miti na makuti wa kuhamishwa.

Na nyumba hiyo iliyojengwa ni ipi? Twaamini wengi wenu mmeijua tangu utoto. Miti ya mikoko husimamishwa, fito hufungwa kwa kamba, udongo hukandikwa, na juu hupauliwa kwa makuti; baadaye wenye nguvu waliezeka kwa mabati. Mbele kuna baraza, katikati ukumbi mrefu, huku na huku vyumba vitatu vitatu, na nyuma ua wenye jiko na choo. Zamani nyumba ya namna hii ilikuwa ya jamaa moja. Lakini itazameni vema: ukumbi katikati, na vyumba sita ambavyo kila kimoja kina mlango wake. Hapana nyumba iliyo tayari kugawanywa kuliko hii. Mwenye nyumba alikaa na watoto wake katika chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akavipangisha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na Majengo maneno hayo yalikuwa hesabu ya mwisho wa mwezi.

Sasa twende bandarini. Zamani meli zilizofika Kilindini zilisimama katikati ya maji, na mizigo ikatolewa kwa matishari. Katika miaka ya 1920 zikajengwa gati za maji mengi, ambazo meli huzisogelea zikafungwa ubavuni, na hata ilipofika mwanzo wa miaka ya 1930 gati hizo zilikuwa tano. Pamba ya Uganda, kahawa, katani na magadi yalipitia pale, na bidhaa za Ulaya zikaingia. Kazi ziliongezeka sana, lakini zilikuwa kazi za namna ya peke yake: nyingi zilikuwa za kibarua. Meli zikiwa nyingi, watu wengi huandikwa. Meli zikiwa chache, wengi hurudi mikono mitupu. Mtu huandikwa asubuhi, hulipwa kwa siku, na kesho hana ahadi.

Jambo hili lilikuwa na maana kubwa kwa nyumba. Mtu mwenye kazi ya mwezi aweza kukaa mbali, kwa kuwa ajua saa yake. Kibarua hawezi. Yeye lazima awe karibu na mahali pa kuandikwa kabla jua halijapanda, na meli ikiingia usiku lazima apate khabari. Chumba cha karibu kwake si anasa. Ni kama jembe kwa mkulima. Kwa hiyo watu walisongamana ndani ya kisiwa, hasa Majengo, hata wakati ng'ambo ya maji palikuwa na nchi tele isiyojengwa.

Wako vibarua ambao hawakupanga chumba. Hao ni Wamijikenda wengi wa bara iliyo karibu, wa Likoni, wa Rabai na kwingineko, waliokuja mjini siku kadha wa kadha, wakarudi katika mashamba yao. Waajiri waliwapenda, maana mtu mwenye nyumba yake na mihogo yake hukubali ujira ambao mpangaji hawezi kuukubali. Lakini tulifikiri sana jambo hili, tukaona ya kuwa shamba la yule Mmijikenda lilikuwa likimlipia mwajiri gharama za nyumba. Na mpangaji wa Majengo, asiyekuwa na shamba, alilazimika kugombania kazi pamoja naye kwa ujira ule ule.

Sasa tueleze jinsi kodi inavyopanda. Hapa tutatoa mfano tu, wala si hesabu ya mwaka fulani. Tuseme kiunga kina vyumba 100 na wapangaji 100. Bandari ikapata kazi mpya, wakaja watu 20. Watu hao walikuja kwa siku moja, katika gari moja la reli. Je, vyumba 20 vitakuja kwa siku moja? La. Kiwanja kitafutwe, miti iletwe, fundi apatikane, udongo ukauke. Katika muda huo watu 120 watafuta vyumba 100. Njia zao ni tatu tu. Wengine watalipa zaidi, wamshinde mwenzao. Wengine watalala wawili au wanne ambapo alilala mmoja, wagawane kodi. Na wengine watakwenda mbali, walipe kwa miguu na kwa usingizi kile wasichoweza kulipa kwa fedha.

Kama kuna viwanja na njia ya kuvifikia, baada ya mwaka mmoja au miwili vyumba vitaongezeka na kodi itatulia. Kama hakuna, kodi haishuki. Na mwenye kiwanja, akiona vyumba vimepanda, naye hupandisha kodi ya kiwanja. Ndipo fedha iliyotoka katika mfuko wa kibarua hupanda ngazi: hufika kwanza kwa mwenye nyumba, hukaa kidogo, kisha sehemu yake hufika kwa mwenye ardhi. Mwenye nyumba hulaumiwa kwa kuwa ndiye agongaye mlango mwisho wa mwezi; mwenye ardhi hakai Majengo, wala watu hawamwoni.

Katika Mombasa, ardhi ndani ya kisiwa ilikuwa ya watu wachache, na njia za kwenda ng'ambo zilikuwa haba. Tena mpango wa mji wa mwaka 1926 ulikata barabara pana katika kisiwa. Barabara zilihitajika, hatusemi hazikuhitajika. Lakini nyumba zilizokutwa njiani zilivunjwa, na waliokuwa ndani hawakutoweka duniani. Walikwenda kusongamana katika nyumba zilizobaki.

Mwaka 1938 ilitungwa sheria ya kazi iliyomwagiza mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ifaayo, au fedha ya kupangia. Maneno yalikuwa mazuri, lakini waajiri wengi hawakuyafuata, wakidai kuwa mshahara wenyewe una fedha ya nyumba ndani yake. Mwezi wa Julai 1939 wafanyakazi wa Mombasa walianza kugoma, kundi baada ya kundi, na mwanzo wa Agosti watu wa bandari nao waliingia. Katika madai yao fedha ya nyumba ilikuwa mstari wa mbele. Serikali iliweka tume ya uchunguzi, nayo ikaona kwamba taabu ya nyumba ni katika sababu kubwa za mgomo ule. Baada ya hapo wafanyakazi wengi walianza kupata posho ya nyumba.

Tuipime posho hiyo. Kwa mtu mmoja mmoja, ni msaada wa kweli. Lakini ikiwa watu 120 wote wamepewa shilingi za kuongeza, na vyumba vingali 100, ni nani aliyepata chumba ambaye jana hakuwa nacho? Fedha iliongezwa kwa wapangaji, vyumba havikuongezwa. Hatusemi kila senti iliyotolewa iliingia katika kodi. Twasema tu kwamba hapakuwa na kitu cha kuizuia isiingie.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon, manowari za Uingereza za bahari ya Hindi zilihamishiwa Kilindini. Kazi zikawa nyingi kuliko wakati wowote uliotangulia: kupakia, kupakua, kutengeneza meli, kupikia askari, kufulia mabaharia. Watu wakaja. Lakini mabati, simenti na misumari vilikwenda vitani, na aliyetaka kujenga hakupata kitu cha kujengea. Serikali iliweka sheria ya kuzuia kodi zisipandishwe. Sheria kama hiyo ina faida kwa yule aliye ndani ya chumba tayari. Lakini aliye nje hukuta mlango umefungwa, na ufunguo wake ni kilemba. Popote kodi ikizuiwa na vyumba havitoshi, kilemba hutokea, kama vile maji yaliyozuiwa juu yatokavyo chini.

Vita vilikwisha mwaka 1945, na mwaka ule ule kamati ya Arthur Phillips ilichunguza manung'uniko ya wafanyakazi wa Mombasa. Walakini bei hazikungoja maandiko ya kamati. Tarehe 13 Januari 1947 mgomo mkuu ulianza. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa gati, wa reli, wa mahoteli, wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja wa Majengo walioupa jina la Kiembeni, na katika siku zile wakaunda chama chao cha wafanyakazi, ambacho Chege Kibachia alikuja kuwa rais wake. Mji ulisimama siku kumi na mbili. Mwisho Bwana Eliud Mathu, mjumbe wa Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kusema nao, wakarudi kazini kwa ahadi kuwa madai yao yatasikizwa. Baraza la usuluhishi la Jaji Thacker liliwaongezea wengi mishahara na posho. Chege Kibachia mwenyewe, kabla mwaka haujaisha, alikamatwa, akahamishwa mbali na pwani.

Twapenda msikilizaji atambue mahali palipofanyiwa mikutano ile. Haikufanywa gatini wala mbele ya ofisi ya reli, bali katika kiunga, katikati ya vyumba. Karani wa reli, kuli wa bandari na mpishi wa hoteli hawakuwa na mwajiri mmoja; ila walikuwa na ukumbi mmoja, ua mmoja na kodi moja. Kazi ziliwatenga, nyumba zikawakutanisha.

Baada ya 1947 watawala walianza kufahamu kwamba mshahara bila nyumba ni kutia maji katika pakacha. Katika miaka ya 1950 mambo mawili yalifanywa. Vibarua wa bandari walianza kuandikishwa mwaka 1954, na kidogo kidogo kazi yao ikawa ya kudumu. Basi mtu mwenye kazi ya kudumu aliweza kukaa mbali na gati bila hofu ya kukosa zamu. Tena nyumba za kupangisha zilijengwa kwa fedha za umma, katika kisiwa kama vile Tudor, na ng'ambo ya magharibi huko Changamwe. Nyumba hizo hazikutosha, lakini kwa mara ya kwanza kazi na vyumba vilipangwa pamoja.

Hapa sharti tutaje madaraja na vivuko, maana kisiwa hakiongezeki, ila njia huongeza ardhi. Mwaka 1931 daraja la kuelea la Nyali lilifungua upande wa kaskazini, na mashamba ya katani ya Nyali yakaanza kugeuka kuwa viwanja vya nyumba za watu wenye nafasi. Mwaka 1937 kivuko cha Likoni kilianza kazi upande wa kusini. Mwaka 1963 mtambo wa kusafisha mafuta ulianza kazi Changamwe, na kazi zake, pamoja na za viwanda na za uwanja wa ndege, zikavuta watu magharibi: Chaani, Magongo, Mikindani. Mwaka 1980 daraja jipya la Nyali lilifunguliwa, na Kisauni, iliyokuwa vijiji na mashamba, ikajaa nyumba.

Hesabu ya watu yaonyesha uzito wa jambo. Mwaka 1948 Mombasa ilikuwa na watu wapatao 85,000. Mwaka 1962 walikuwa 179,575. Mwaka 1979 walikuwa 341,148. Na mwaka 2019 walikuwa 1,208,333. Kisiwa hakikuongezeka hata pima moja. Wengi wa waliozidi walikwenda ng'ambo, na kila asubuhi wengi wao hurudi kisiwani na bandarini kutafuta riziki.

Na safari hiyo ya asubuhi ina gharama yake. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, kilichojaa watu waliokuwa wakivuka kuja kisiwani kazini na sokoni, kilipinduka. Watu 272 walikufa maji, ng'ambo tu ya gati za Kilindini. Tunapotaja kodi nafuu ya Likoni na Mtongwe, yatupasa tukumbuke kwamba ule unafuu haukuwa bure. Tofauti ya kodi kati ya kisiwa na ng'ambo ililipwa kila siku kwa saa za foleni, na siku ile moja ililipwa kwa roho za watu.

Nao wenyeji wa viunga hivyo vipya walikutana na swali lile lile la Majengo. Nyumba ni zao, ardhi ni ya nani? Huko Likoni shamba moja la ekari 930 lilikuwa na hati ya mtu mmoja, na juu yake maelfu ya watu walijenga. Ugomvi wake ulidumu karibu miaka ishirini, mpaka serikali ilipolinunua, na mwaka 2016 ikaanza kuwapa hati wakaao pale, kwa masharti ya kulipa.

Tena mtu asidhani kwamba kazi huongezeka tu. Reli mpya ya Nairobi ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, ikiwa na stesheni yake Miritini. Mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba makontena yaendayo bara yachukuliwe kwa reli mpaka bandari kavu ya Nairobi. Wenye malori, madereva, mafundi wa magari, wenye maghala na mama wauzao chakula kando ya barabara ya Changamwe walilia kuwa riziki yao imehamishwa. Watu waliandamana mjini. Mwezi wa Septemba 2022 Rais William Ruto, siku aliyoapishwa, aliamuru kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Katika miaka ile mitatu watu waliona upande wa pili wa sarafu yetu: kazi ikiondoka, mpangaji huweza kufunga mkeka wake akaifuata. Mwenye nyumba hawezi kuukunja ukuta. Yeye aliyekopa ili aongeze vyumba viwili hubaki na vyumba, na deni pia.

Basi, wasikilizaji, tumefika mwisho, na swali letu la kwanza tuweze kulijibu. Kazi zikiongezeka mahali, faida yake ya kwanza humwendea mfanyakazi; lakini haikai kwake ila vyumba viongezeke pamoja na kazi. Vyumba haviongezeki ila viwanja vipatikane kwa haki, na viwanja havifai kitu ila pawe na njia salama ya kutoka huko mpaka kazini. Pasipokuwa na viwanja na njia, kila shilingi iongezwayo katika mshahara hutafuta njia ya kwenda kwa mwenye ardhi, hata bila yeye kuinua mkono.

Wakati wowote mtakaposikia kwamba gati jipya litajengwa, au kiwanda, au stesheni, msiulize tu, "Wataandikwa watu wangapi?" Ulizeni na hili: "Watu hao watalala wapi, na ardhi ya hapo ni ya nani?" Wazee wa Majengo waliuza mashamba yao kabla ya kuliuliza swali hilo. Wajukuu wao wangali wakilipa kodi ya kiwanja juu ya udongo ambao babu zao walipanda minazi.